Paka wa Shosho na Wale Watatu wa Kibirichia

Mimi nimelelewa na watu wawili: Shosho na paka yake. Shosho alikuwa ananirushia kiatu, paka ananirushia kucha, na kwa vile nimetokea mtu wa maana, sijui nimshukuru yupi kwanza. Shosho ni mama ya mama yangu. Nilipewa jina la marehemu mzee wake, ndio maana mpaka leo ananiita mume wangu, hata mbele ya wasichana. Ukiwa unatafuta bibi, jaribu kueleza hiyo.

Paka mwenyewe hakuwa na jina. Shosho alisema jina ni ya mtu amebatizwa. Akimtaka alifanya tu "pss" na mdomo, na paka akashuka kutoka popote alipokuwa, hata kama ni juu ya mti wa avokado. Mimi nikifanya "pss" hiyo hiyo, aliniangalia vile karani wa chifu anamwangalia mtu amesahau kitambulisho.

Alikuwa jike, wa kijivu mwenye mistari, sikio moja limechanika. Shosho alimpata angali mdogo sana. Mama yake alikula panya aliyekula sumu huko kwa jirani, ndugu zake wakafa mmoja mmoja, akabaki huyo. Shosho akamnyonyesha maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa. Kwa hivyo maisha yake yote pale kwetu Kanja, huku Embu, alijua watu wawili na ng'ombe mmoja. Paka mwingine akikanyaga boma letu, alitoka na manyoya pungufu. Na kuuma! Ulikuwa unamkuna shingo, anafurahia, ananguruma vizuri, halafu ghafla meno yote ndani ya mkono. Wageni walikuwa wanasema ana pepo. Shosho anasema, "Hana pepo, ana msimamo."

Sasa, nitawaambia vile yeye alitupatia kazi.

Ilikuwa msimu wa mvua. Mimi nina kibanda cha kinyozi hapo sokoni, na siku ya mvua watu hujaa, si eti wananyolewa, wanajikinga. Na mimi nikipata watu wamekaa siwezi nyamaza. Siku hiyo nilipiga hadithi mpaka saa kumi na moja. Nikifika nyumbani, kimya. Jiko halina moshi. Nikazunguka nyuma, kwa ile njia ya kwenda kwa ng'ombe, nikamkuta Shosho amelala kwa matope, mguu umekaa vile mguu haufai kukaa. Alikuwa ameanguka saa nne asubuhi na mzigo wa majani. Na juu ya kifua chake, amelowa mpaka anafanana na panya, alikuwa ameketi yule paka anayechukia maji kuliko kitu chochote.

Shosho alifungua macho akaniambia, "Mume wangu, umechelewa. Kama si huyu, ungenikuta nimeganda."

Hospitali walimtengeneza mguu, wakamwekea chuma. Lakini daktari alisema wazi: huyu mama hafai kubaki peke yake mchana, akianguka tena ndio basi. Na mimi mchana niko kwa kibanda. Anko wangu, kijana wa Shosho, anakaa Kibirichia, huko juu Meru kwenye baridi, analima viazi. Akasema mama aje kwake, bibi yake yuko nyumbani siku nzima. Kila mtu akakubali, isipokuwa mwenye mguu.

"Nikienda, huyu naye anaenda," Shosho akasema, akionyesha paka na fimbo.

Anko akacheka. "Mama, huko niko na paka watatu wa stoo. Huyu umwachie kijana."

"Huyu aliketi na mimi kwa mvua. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Mimi ndio nilitazama chini kabisa, kwa sababu nilikuwa najua mahali nilikuwa.

Anko huleta viazi Embu na pikapu kila Jumamosi, inarudi juu tupu. Jumamosi hiyo ikarudi na Shosho mbele na mimi nyuma na gunia. Kwetu ukihamisha paka unamtia kwa gunia asione njia, halafu ukifika kwa geti unamzungusha mara tatu ndio asahau kwao ni upande gani. Nilimzungusha. Alisahau kwao, lakini hakunisahau mimi: alinikojolea kupitia gunia.

Bibi ya anko, anti yetu, alitupokea na chai. Huyo ni mzaliwa wa Siakago, huko chini Mbeere kwenye jua na mbuzi, na hata baada ya miaka kumi na kitu Kibirichia bado huvaa sweta mbili. Yeye na Shosho hawakuwa wamewahi kugombana. Walikuwa na ile heshima ya watu wawili wanapitana kwa daraja nyembamba. Shosho alikuwa anasema, huku nyuma, kwamba msichana wa mbuzi hajui kupika githeri ikaiva. Anti hakuwa anasema kitu, lakini Shosho akishika mwiko kwake jikoni, uso wake ulikuwa unafunga kama duka la Jumapili.

Na wale paka watatu. Mama yao ni mweupe mwenye madoa meusi machache, na anatembea kama hati ya shamba ni yake. Kijana wake mkubwa ni rangi ya chai ya maziwa, mnene, mvivu, ombaomba. Halafu mdogo, mweusi mwenye miguu nyeupe kama amevaa soksi za shule. Watatu walikuwa wanalala kwa gunia moja ndani ya stoo, mmoja juu ya mwingine, huwezi jua mkia ni wa nani. Stoo yenyewe ilikuwa na rafu za mbao zimejaa viazi vya mbegu, vimeshaanza kuchipua, vinangoja kupandwa. Hapo ndio walikuwa askari, panya asikaribie.

Nikawaangalia, nikasema hii ni rahisi.

Mimi nimefuga kuku. Kila mtu wa kwetu anajua: ukinunua kuku mgeni usimwingize mchana, atadonolewa mpaka aone nyota. Unangoja jioni wameshapanda kulala, unamteremsha katikati pole pole, na asubuhi wakiamka wanafikiria wamekuwa naye siku zote. Kuku ni rahisi kudanganywa. Kwa hivyo jioni hiyo, giza likianza kushika, nilibeba paka ya Shosho, nikafungua stoo, nikamweka katikati ya lile gunia na wenyewe wamelala, nikafunga mlango, nikasimama nje najipongeza.

Sijui nilihesabu mpaka ngapi. Labda nne.

Kelele iliyotoka mle ndani, jirani alitoka na panga. Nikifungua mlango, kitu cha kijivu kilipita katikati ya miguu yangu, kitu cheupe nyuma yake, na nyuma ya hao wawili rafu nzima ya mbegu ikaja chini. Yule mnene alikuwa amekwama kwa dirisha, nusu nje nusu ndani, analia kama yeye ndiye amepigwa. Anti alikuja na tochi, akamulika sakafu. Zile chipukizi, zilikuwa zimekatika kama njiti za kiberiti.

"Nani ameweka paka kwa stoo yangu?"

"Nilikuwa nawajulisha," nikasema.

"Kuwajulisha?"

"Kama kuku."

"Kama kuku," akarudia, akainama akaanza kuokota. Nilitamani anipige tu tumalize.

Paka ya Shosho ilikimbilia chumba cha Shosho, ikaingia chini ya kitanda, pua imepasuliwa. Jumapili haikutoka. Jumatatu haikutoka, haikula, hata maziwa. Na Shosho naye akasukuma sahani.

"Mama, kula kidogo," anko akamwambia.

"Yule hali. Mimi nitakulaje?"

"Yule ni paka, mama."

"Na mimi ni mgeni. Sisi wawili ni wageni hapa." Akavuta leso akajifunika magoti. "Jumamosi pikapu ikishuka, sisi tunashuka nayo. Kama ni kufa, nitafia kwangu, nikijua mlango uko wapi."

Alisema kwa sauti ya chini, na sisi tulijua akipandisha sauti anatisha tu, akishusha amekata shauri. Anko alinivuta nje. Hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Wewe ndio ulileta hii vita. Mama akirudi Kanja na huo mguu, wewe ndio utakuwa unamwokota kwa matope." Nikaenda nikasimama kwa shamba la viazi, baridi inaniuma masikio, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na mzaha hata mmoja.

Anti ndiye alikuja kuniita. Alikuwa ameshika ndoo.

"Wewe wa kuku," akasema. "Umewahi kuona mbuzi akikataa mtoto?"

Nikasema sisi Embu tunakula mbuzi, hatuwaulizi mambo ya familia.

Akacheka, nikashukuru Mungu, kwa sababu nilikuwa nafikiria hatanichekea tena. Akanieleza. Kwao, mbuzi akifiwa na mtoto, na kuna kitoto kingine kimefiwa na mama, huwezi kukitupa tu hapo chini yake. Atakipiga pembe kife. Baba yake alikuwa anachukua kitambaa, anampangusa yule mama, halafu anapangusa kile kitoto. Na kitambaa cha kitoto anakiweka mahali mama analala. Anawatenganisha na ua wa miiba, kila mmoja upande wake, na chumvi anaweka pale kwa ua, pande zote mbili. Wanalamba chumvi kila mtu kwake, lakini pua ziko karibu. Siku moja unatoa mwiba mmoja. Siku ingine unatoa mwingine.

"Mbuzi haoni na macho," anti akasema. "Anaona na pua. Wewe ulimtupa paka kwa watu hawajamnusa. Ni kama mtu aingie kitandani kwako na hajabisha hodi."

"Lakini hao si mbuzi, anti."

"Si ni heri nikosee na mbuzi kuliko na kuku?"

Shida ilikuwa kitambaa. Kitu chenye harufu ya paka ya Shosho kilikuwa kimoja tu, ile leso ya kahawia alikuwa amelalia toka utotoni, na ndiyo Shosho alikuwa amejifunika. Anti aliingia chumbani mwenyewe. Mimi nilibaki mlangoni.

"Mama, naomba hiyo leso."

"Ya nini?"

"Niiweke chini ya sahani ya wale wangu. Na gunia lao nilete hapa kwako."

Shosho akamwangalia juu mpaka chini. "Leso yangu ikalale na hao wezi? Na gunia lenye viroboto lilale na mimi?"

"Gunia ni safi. Nililifua mwenyewe."

"Na hii ulifundishwa wapi?"

"Kwa mbuzi, mama."

Nilifunga macho. Nilijua sasa Shosho atasema ile kitu amekuwa akisema nyuma miaka yote. Lakini aliangalia chini ya kitanda, mahali macho mawili yalikuwa yanang'aa. Halafu akaivua leso, akaikunja mara nne vizuri kama ya kupeleka kanisani, akampa.

"Usiichome na jiko," akasema.

Kuanzia Jumanne kazi yangu ikawa ya mlango. Chumba cha Shosho kinafungukia jikoni. Wale watatu sahani yao inawekwa upande wa jikoni, juu ya leso. Yule mmoja sahani yake upande wa ndani, juu ya gunia. Mlango umefungwa katikati. Ndani ya sahani, omena, zile dagaa, zimekaushwa, na hizo ndizo zilikuwa chumvi yetu. Nilikuwa nakaa chini hapo na sikio langu kwenye ubao wa mlango, nasikiliza kama daktari. Siku ya kwanza upande wa jikoni walikula, upande wa ndani kimya. Yule mama mweupe akanusa leso akanguruma mpaka nikasogeza mguu.

"Anatukana nani?" Shosho akauliza kutoka ndani.

"Anakutukana wewe. Ni leso yako."

"Mwambie atukane mama yake."

Jumatano nikasikia kwa upande wa ndani *kra*. Halafu *kra* tena. Nikachungulia kwa shimo la kufuli. Alikuwa ametoka chini ya kitanda na anakula, mwili ametupa nyuma, shingo ameirefusha, kama mtu anayechovya mkate kwa chai ya jirani. Shosho alikuwa ameketi kitandani ameshika mdomo na mikono miwili asimshtue. Siku hiyo Shosho naye alikula. Na anti aliona sahani imerudi tupu, akaenda kuongeza.

Alhamisi tulifungua mlango upana wa kidole, nikaweka jiwe. Mama mweupe alikuja, akanguruma, wa ndani akanguruma, na wote wakarudi kula. Nilimwambia anti ni kama mkutano wa ushirika. Yule mnene hakujali, yeye anakula popote pana sahani. Lakini yule mdogo wa soksi aliacha chakula. Alilala chini kwa tumbo, akaingiza mkono mmoja kwa huo ufa, akawa anautikisa tikisa hivi upande wa pili, kama mtu anayetafuta shilingi imeanguka chini ya kabati.

Nilingoja kusikia mlio. Paka wetu nilikuwa namjua. Huo mkono ungerudi bila soksi.

Hakukuwa na mlio. Ijumaa pia hakukuwa, lakini hatukuthubutu kufungua zaidi, na Shosho akaniambia nimletee mfuko wake aanze kupanga nguo. Nilimwambia, "Shosho, si wanaanza kuelewana?" Akasema, "Kuelewana kwa mlango si kukaa pamoja. Mimi nimekaa na watu kwa mlango nikachoka." Na alikuwa anaangalia jikoni, na sikujua kama bado tunaongea juu ya paka.

Jumamosi asubuhi anko alishapakia viazi. Mfuko wa Shosho uko kwa pikapu, Shosho ameketi veranda na fimbo na kabuti, na mimi nimeshika gunia, natafuta paka nimfunge. Naingia chumbani, hayuko. Chini ya kitanda hayuko. Mlango uko wazi kabisa, wazi mpaka ukutani. Nikaita, "Nani amefungua?"

"Ni mimi," anti akajibu kutoka jikoni. "Njoo pole pole. Na uache hilo gunia."

Nilikuja na vidole vya miguu. Shosho alisikia, akainuka na fimbo akaja nyuma yangu, akasimama mlangoni. Anti alikuwa anakoroga uji. Karibu na jiko, mahali pana joto, mama mweupe amelala, na mnene amelala. Na hatua mbili kutoka kwao, mgongo ameupa ukuta, paka ya Shosho ameketi, mkia umezunguka miguu. Yule wa soksi alikuwa anakuja. Anakuja ameinama, makalio yanacheza, macho kwa ule mkia.

"Mshike," Shosho akaninong'oneza. "Atamuua."

Hakuna mtu alisogea. Mdogo akaruka, akaushika mkia na mikono miwili.

Paka wetu aligeuka akampiga. Mimi huo mkono nimeuonja miaka tisa, naujua kama ngoma. Ukikupiga, kwanza unasikia moto halafu unaona damu. Huu ulikuwa tofauti. Ulipiga *pu*, kama mto. Alikuwa amekunja kucha. Mdogo akaanguka chali, akajifanya amekufa, akainuka, akaja tena. *Pu.* Akaja ya tatu. Na mara hii paka wetu hakumpiga. Aliusogeza mkia upande huu. Halafu akausogeza upande ule.

"Anafanya nini?" Shosho akauliza.

"Anacheza, mama," anti akasema.

"Huyu hachezi. Hajawahi cheza."

"Hakuwa na mwenzake."

Shosho alishikilia mlango. Uji ulikuwa unachemka juu na anti hauangalii. Nje anko akapiga honi, *pii pii*, yeye anajua tu kuna soko.

"Na mimi nilimweka peke yake miaka yote hiyo," Shosho akasema. "Nilifikiria anapenda hivyo."

"Ulimweka hai," anti akasema. "Hii ingine ingekuja baadaye."

Honi tena. Shosho akageuza kichwa, akaita na ile sauti yake ya juu, "Wewe! Kwani viazi haviwezi kwenda soko bila mimi? Shusha huo mfuko!" Halafu akavuta kigoda karibu na jiko, akaketi polepole na mguu wake wa chuma, akamwambia anti, "Uji unamwagika, msichana wa mbuzi."

Ilikuwa mara ya kwanza amemwita hivyo usoni. Anti alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Sitawadanganya kwamba ikawa paradiso. Yule mama mweupe na paka ya Shosho hawajapendana mpaka leo. Walijigawia jua: asubuhi veranda ni ya mmoja, mchana ni ya mwingine, na wakipitana kila mtu anaangalia kando kama watu wamenyimana kura. Ukimuuliza yule mama, angetufukuza sote, na anko pia. Kuna paka wa hivyo, kuna watu wa hivyo, na mimi sisemi kila mtu lazima alale kwa gunia moja. Lakini paka yetu ilibadilika. Iliacha kuuma. Ukimkuna sasa akichoka anakusukuma na mkono, mkono mtupu, na unamwelewa. Nafikiri ni yule mdogo alimfundisha, kwa sababu akimuuma sana mdogo analia na kuondoka, na mchezo unaisha, na yeye hataki mchezo uishe. Kutoka kwa yule mnene alijifunza kuomba, na hiyo sikumshukuru. Na mdogo naye alijifunza kwake ile "pss". Shosho akifanya "pss" wanakuja wawili.

Shosho mwenyewe alisema ataenda Jumamosi inayofuata. Jumamosi hiyo akasema mguu unauma, aende ile ingine. Ile ingine akasema wanamenya viazi vya wageni wa kanisa na anti hawezi peke yake. Mimi nilisharudi kwa kibanda changu Kanja, nikawa namsikia kwa simu tu, na nyuma yake nasikia anti anacheka. Walikuwa wananisengenya. Nilikuwa nasikia kabisa "wa kuku" halafu wanaanguka kicheko. Mtu mwingine angekasirika. Mimi nilikuwa nalala vizuri. Miezi mingi kabla ya hapo nilikuwa nikipiga hadithi kwa kibanda na sikio moja liko nyumbani, na sasa nilipiga na masikio yote mawili.

Halafu Jumatano moja simu ikalia, nina mteja nusu kichwa.

"Mume wangu, Jumamosi anko wako akimaliza soko atapitia hapo. Umpe kitanda changu."

"Kitanda? Shosho, si uko na kitanda hapo?"

"Hicho ni cha wageni. Mimi nataka changu. Na godoro. Na ile picha ya guka yako, mzee wangu."

Mteja aliniuliza mbona nimesimama na mashine hewani. Nikamwambia moshi wa nyama choma ya jirani umeniingia macho, na jirani anauza mboga. Jumamosi nilifungua kile kitanda skrubu moja moja. Chini yake, pale ukutani, nilipata manyoya ya kijivu yamejikusanya kama mpira. Nilisimama hapo nikasema asante, kwa nguvu, ndani ya chumba kitupu, na kama kuna jirani alisikia basi alisikia. Tukafunga mbao kwa pikapu na kamba ya ng'ombe. Nikampigia anti nimwambie kitanda kiko njiani, na nimwambie ile kitu nilikuwa nimepanga kusema toka siku ya leso. Nikaanza, "Anti, mimi nataka tu kukuambia asante sana kwa vile..."

"Wewe wa kuku, wacha hotuba," akasema. "Hicho kitanda ni kikubwa ama kidogo? Huku kuna watu watatu wanakingojea, na wawili wana mikia."